Turbo Haijafa, Fungua Boneti Kwanza

"Fundi, turbo imekufa." Wiki iliyopita nimeisikia mara tatu hapa Tabora. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili isukume hewa zaidi kwenye injini. Kijana wa tatu alikuwa ameshatuma hela ya turbo ya mtumba Dar es Salaam kabla hata hajaniletea gari. Gari lake ni Subaru Impreza, intakula (rejeta ya kupozea hewa ya turbo) kubwa ya mbele, na ile valvu inayopiga "pshaa!" ukiachia mafuta. Kwenye sailensi, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unapanda na kushuka. Ukikanyaga, moshi mweusi, gari haivuti.

Mdogo wangu, kwenye sailensi moshi wa eksozi ni mdogo mno, turbo haijaanza kutoa boosti (msukumo wa hewa) yoyote. Sasa itayumbishaje sailensi? Anza kuwaza tundu. Gari hizi zina sensa ya hewa karibu na filta. Inahesabu hewa inayoingia, kompyuta inamwaga mafuta kwa hesabu hiyo. Mpira ukichanika au klipu ikilegea baada ya turbo, ukikanyaga hewa iliyokwisha kuhesabiwa inatoroka nje, lakini mafuta yake yanamwagwa vilevile. Ndiyo huo moshi mweusi. Na tundu likiwa kubwa, au likiwa baada ya throtoli (mlango wa hewa wa injini), ukirudi sailensi injini inavuta kupitia hapohapo hewa ambayo sensa haikuiona. Mafuta yanakuwa machache, RPM inacheza.

Hiyo "pshaa" nayo ni tundu, tofauti ni kwamba umelinunua. Inatupa nje hewa iliyohesabiwa, injini inabaki na mafuta mengi, na ukifika makutano gari linazima huku unajiona dereva wa mashindano. Springi yake ikiwa laini, inabaki wazi hata kwenye sailensi na kuvuta hewa isiyopita kwenye filta. Vumbi la kwetu mnalijua. Nguvu haiongezi hata chembe. Rudisha hewa yake kwenye bomba lililo kati ya sensa na turbo, kama kiwanda kilivyofanya. Gari zinazopima shinikizo la manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye injini) badala ya hewa inayoingia haziumwi sana na hili, lakini yako si mojawapo.

Kabla hujagusa pochi, fanya hivi. Zima injini, acha ipoe. Ziba mdomo wa turbo kwa kifuniko chenye valvu ya tairi, ziba na mpira wa pumzi ya injini usije ukasukuma sili za oili, kisha jaza hewa taratibu hadi PSI 10, inatosha. Pakaa povu la sabuni kwenye kila maungio. Penye tundu patachemka mapovu. Wale wanaopulizia petroli injini ikiwaka, fanyieni kwenu, si kwenye gereji yangu. Kwa yule kijana ilikuwa klipu moja ya intakula aliyeifunga hakuikaza. Turbo yake ya Dar bado ipo kwenye boksi.

Maneno mengine ninayoyasikia kwa wateja: "Nipandishie tu sailensi." Hapana. Safisha throtoli, tafuta tundu. Ukipandisha umeuficha ugonjwa, na petroli utaongeza wewe.

"Filta ya wazi yenye oili inapumua vizuri." Oili ikizidi inaganda kwenye waya wa sensa, nayo inasoma uongo. Filta ya karatasi, ibadilishe mapema, basi.

"Ikifika boosti kubwa inakata ghafla, pampu ya mafuta imechoka." Pampu inaweza kuchoka, kweli. Lakini ukiwa umepandisha boosti bila kurekebisha programu, ile kukata kama umegonga ukuta mara nyingi ni kompyuta inayozima mafuta kwa makusudi isipasue injini yako. Na ikiwa inamisi badala ya kukata, angalia plagi: boosti ikipanda cheche inashindwa kuruka mwanya mpana. Mimi hubana hadi milimita 0.7, najua wapo mafundi watakaobisha.

"Tumefuta kodi za hitilafu kwenye kompyuta, taa ya injini imezima, imepona." Subiri ufike Nzega, itawaka tena.

Turbo huwa inakufa kweli, sikatai. Vua bomba, shika shafti. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida, lakini ikisogea mbele na nyuma, mapanga yakiwa yamekwaruza nyumba yake, oili imejaa kwenye intakula, moshi ni wa bluu na inalia kama king'ora, hapo tuma hela Dar.