Ule mlio wa mgongo si mfupa kurudi

Hapa Mombasa tangu niko mdogo nasikia mgongo ukiuma ati mfupa umetoka, ukienda kwa mtu wa kairopraktiki, wale wanaotibu mgongo kwa kuusukuma na mikono, akikusukuma ukasikia ka! basi umerudi mahali pake. Jamani, haiko hivo. Ndani ya kiungo mna maji mazito ya kulainisha, na humo mna gesi imeyeyuka, sasa mifupa ikivutwa ghafla inaachana kidogo, presha inashuka, panatokea uwazi wa gesi, ndo mlio wenyewe huo, na mwaka 2015 watafiti wa Kanada waliuona kwa MRI, ile mashine ya kupiga picha ndani ya mwili, kwenye vidole. Ndo manake ukialisha vidole ukirudia hapo hapo havialiki tena, mpaka zipite kama dakika 20.

Hii hadithi ya mfupa ilienezwa na D. D. Palmer, yule aliyeanzisha kairopraktiki kule Davenport, Marekani, 1895.

Wanaoenda kusukumwa wengi wanaumwa kiuno, shingo na kichwa, mfano yule wa mkokoteni pale Kongowea, ainama kuinua gunia la viazi, mkono mmoja kashika kiuno. Wengine wapata nafuu kweli, sikatai, lakini ni misuli kulegea na neva kutulia, manake pingili ya mgongo ikitoka kweli hungesimama ukapanda feri ya Likoni.

Tafadhali sana, ukishikwa na ganzi katikati ya mapaja, au mkojo ukikataa au ukitoka wenyewe, usiende kusukumwa, nenda hospitali saa hiyo hiyo.