Kuhamisha mradi kwenda distro nyingine ya Linux: maana yake hasa

Kuhamisha mradi wa programu kwenda distro nyingine (aina ya Linux iliyofungashwa pamoja na programu zake) ni kuuondoa juu ya mkusanyo mmoja wa vifurushi, matoleo na mipangilio, ukaukalisha juu ya mkusanyo mwingine. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, ni ya Linux huku na huko. Kinachobadilika ni vilivyoizunguka, na mradi wa miaka mingi huwa umeviegemea bila mtu kuviandika popote. Kazi kubwa ni kuvifukua hivyo.

Tuseme nyumba ya wageni ya Shela, Lamu, inasajili wageni kwa programu ya PHP, data zikikaa kwenye hifadhidata ya MariaDB, juu ya distro ya CentOS 7. Distro hiyo iliacha kupokea marekebisho ya usalama tarehe 30 Juni 2024. Mwenyewe akichagua Debian 13, asijaribu kuigeuza seva ile ile: CentOS hutumia vifurushi vya rpm, Debian vya deb. Husimamishwa seva mpya kando, ya zamani ikiendelea na kazi. Angekwenda AlmaLinux, ambayo ni ya ukoo wa CentOS, majina mengi yangebaki yale yale, ingawa matoleo mapya yangemsumbua vilevile.

Kabla ya lolote, orodhesha kilichopo: rpm -qa kwa vifurushi, ss -tlnp kwa milango iliyo wazi, crontab -l kwa kazi za cron, yaani zinazojiendesha kwa ratiba, za kila mtumiaji. Usisakinishe orodha nzima kule mpya. Nusu yake ni masalia.

Majina ndiyo ya kwanza kukwama. Apache, programu inayotoa kurasa za wavuti, huitwa httpd kule CentOS na apache2 kwa Debian. Mtumiaji wake kule CentOS ni apache, namba 48. Kwa Debian ni www-data, namba 33. Ukinakili faili kwa rsync, ls -l itaonyesha 48 pahali pa jina la mmiliki, na picha za pasipoti hazitahifadhika, kwani www-data hana ruhusa ya kuandika humo. Tumia chown kuipa www-data folda ya kupokelea faili, basi. Wanaompa msimbo wote wanamfungulia mlango mwizi.

Kisha matoleo. CentOS 7 ilikuja na PHP 5.4, Debian 13 ina 8.4. Amri za mysql_connect na wenzake, za kuongea na hifadhidata, ziliondolewa tangu PHP 7.0, kwa hiyo ukurasa hufa papo hapo. Ziandikwe upya kwa mysqli au PDO, zilizochukua nafasi yake. Hitilafu ya namna hii ni ya heri, maana inajitangaza.

Mbaya ni zile za kimya. Programu nyingi za zamani ziliandika herufi za UTF-8 ndani ya jedwali lililotajwa kuwa latin1 (hizi ni namna mbili tofauti za kuhifadhi herufi), na kwa kuwa zilisoma kwa kosa lile lile, hakuna aliyegundua. PHP mpya huongea na hifadhidata kwa utf8mb4, ambayo ni UTF-8 kamili ya MariaDB, na hapo mgeni José anageuka JosÃ©. Toa data kwa mysqldump, amri inayoiandika hifadhidata kwenye faili, yenye --default-character-set=latin1 na --skip-set-charset, badilisha latin1 iwe utf8mb4 kwenye maelezo ya majedwali ndani ya faili, ndipo uipakie kwa utf8mb4. Jaribu kwanza kwa nakala.

Saa nayo. Pasipo mpangilio wa date.timezone, PHP inaweza kushika UTC, saa tatu nyuma yetu. Hapo mgeni aliyeingia saa nane usiku tarehe 5 atasomeka ameingia saa tano usiku tarehe 4, na bili inaongezeka usiku mmoja. Andika Africa/Nairobi kwenye php.ini, faili la mipangilio, ya Apache na pia ile ya cli (PHP inayoendeshwa kwa mstari wa amri), kwani Debian huzitenga.

Seva ikiwa mbali nawe, endesha upakiaji ndani ya tmux, programu inayoshikilia kazi kwenye seva hata ukikatika. Umeme ukikatika Lamu au mtandao ukiyumba, kazi itaendelea bila wewe. Seva ikiwa iko humo humo nyumbani, UPS si anasa.

Siku moja kabla ya kuhama, shusha TTL ya DNS, yaani muda ambao kompyuta nyingine hukumbuka anwani ya jina la tovuti, iwe sekunde 300. Saa ya kuhama ikifika, funga uandikaji kwenye seva ya zamani, toa data mara ya mwisho, pakia, kisha elekeza jina kule kupya. Ya zamani izimwe huduma zake, cron ikiwemo, lakini isifutwe mpaka mwisho wa mwezi upite: ripoti ya mwezi ndiyo kazi ya cron inayosahaulika kuliko zote, na haionekani kukosekana mpaka siku yake.