Fundo la tai ni nini, na wewe ufunge lipi

Fundo la tai ni mzunguko wa kitambaa unaoishika tai shingoni lakini unateleza ukivutwa. Hapo kwenye kuteleza ndipo maana yake ilipo. Kamba ya mbuzi hufungwa isilegee mpaka jioni. Tai hukazwa kwa vidole, ikapandishwa hadi kwenye kifungo cha juu cha shati, na siku ikiisha hufunguliwa yote ikarudi kuwa kitambaa kilichonyooka.

Nimeanza na hilo kwa sababu hapa Tabora tai nyingi hazifunguliwi kabisa. Ingia chumba cha kijana anayejiandaa na harusi au usaili, utaikuta imening'inia msumarini nyuma ya mlango na fundo lake, alilofungiwa na kaka yake zamani. Akiihitaji anailegeza, anaipitisha kichwani, anaibana. Akirudi anaivua vilevile. Naelewa sababu: hajui kufunga, na anaogopa akifungua hatapata wa kumfungia tena. Lakini tai inaharibika, na mwenyewe anabaki mtegemezi kwa kazi ya dakika moja.

Inaharibika vipi? Tai nzuri hukatwa mshazari, kwa pembe ya digrii 45 na nyuzi za kitambaa. Muulize fundi cherehani yeyote: kitambaa cha mshazari huvutika kikarudi. Jesse Langsdorf wa New York alipata hataza miaka ya 1920 kwa tai iliyokatwa hivyo na kuunganishwa kwa vipande vitatu, na tai za leo bado zinafuata njia hiyo. Ikilala na fundo wiki baada ya wiki, kitambaa hakirudi tena. Ukisogeza fundo sentimita mbili tu, mkunjo wa zamani unaonekana chini ya kola kama kovu.

Sasa aina. Mwaka 1999 wanafizikia wawili wa Cambridge, Thomas Fink na Yong Mao, walitafuta kwa hisabati njia zote za kufunga tai ya kawaida wakapata 85. Usiogope. Wanaume wengi duniani wanaishi na tatu: fundo la kawaida, Windsor, na nusu Windsor. Ningekuwa na ruhusa ya kumfundisha mtu moja tu, ningemfundisha la kawaida. Ni jembamba, refu kidogo, limeinama upande mmoja, na halimezi kitambaa kingi. Jina lake la Kiingereza, four-in-hand, linahusishwa na magari ya kuvutwa na farasi wanne.

Mpwa wangu alikuja nyumbani Isevya usiku wa kuamkia usaili wake, mkononi ana tai ya mtumba, ya buluu yenye mistari. "Shikamoo mjomba. Naomba unifungie, nitaivaa hivihivi asubuhi."

"Marahaba. Njoo kwenye kioo, utafunga mwenyewe."

Nilisimama kando yake, sote tukitazama kioo. Ukimfundisha mtu mkitazamana, kulia kwako kunakuwa kushoto kwake na mikono inagongana. Alisimamisha kola, akafunga kifungo cha juu, akaizungusha tai shingoni. Ncha pana ikakaa kulia, ikishuka chini ya ile nyembamba kwa kama sentimita 30. Akaipitisha ncha pana juu ya nyembamba kwenda kushoto, akaizungushia nyuma kurudi kulia, akaivusha tena mbele kwenda kushoto. Mzunguko huo wa mbele ndio sura ya fundo, na ndio mtu asiukaze mapema. Kisha ncha pana ikapanda kutoka chini kupitia uwazi wa shingoni, ikashuka ndani ya mzunguko ule wa mbele. Mwisho akashika ncha nyembamba kwa mkono mmoja na fundo kwa mwingine, akalisukuma juu taratibu.

Mara ya kwanza ncha nyembamba ilizidi ile pana kwa kiganja kizima. Nilimwambia aanze na ncha pana ikiwa chini zaidi. Mara ya tatu ncha pana iligusa bizimu ya mkanda, na hapo ndipo tai inapotakiwa kuishia. Nikamwonyesha kubonyeza kitambaa kwa kidole cha shahada chini tu ya fundo kabla ya kukaza, kikatokea kishimo kidogo katikati. Kishimo hicho kinaipa tai ujazo, hailali bapa kifuani.

Kuchagua fundo kunaanzia kwenye kola. Ncha za kola zikikaribiana, fundo la kawaida linaenea vizuri. Zikiwa zimetanuka sana, fundo jembamba linaacha nafasi tupu pembeni, na hapo Windsor inafaa, kwa kuwa ncha pana huzunguka pande zote mbili na kutoa pembetatu nene iliyosimama sawa. Nusu Windsor huzungushwa upande mmoja, ikakaa katikati ya hayo mawili. Angalia pia unene: tai nzito ukiifunga Windsor unabeba ngumi shingoni. Na mtu mrefu akifunga Windsor kwa tai ya kawaida, ya kama sentimita 150, inaishia juu ya kitovu. Duke wa Windsor mwenyewe, aliyekuwa mfalme Edward VIII wa Uingereza, hakulitumia fundo lenye jina lake. Alishonewa tai zenye bitana nene, akafunga fundo la kawaida.

Kufungua ni kurudi njia uliyoijia, hatua kwa hatua. Usiichomoe ncha nyembamba kwa kuivuta. Ikishafunguka, ikunje kama mkeka, ilale hivyo usiku, na mikunjo mingi itaondoka yenyewe. Pasi ya mkaa usiiguse moja kwa moja. Polista inayeyuka, hariri inalala bapa.

Mpwa wangu aliikunja yake akaiweka juu ya shati. Saa kumi na moja alfajiri nilimsikia mbele ya kioo akijihesabia kwa sauti ya chini: juu, nyuma, juu, ndani, chini.