Ukivikwa kilemba cha ukoka kwa barua pepe

Barua yenyewe huwa imejaa adabu. Inakuita Profesa hata kama bado u Mhadhiri Msaidizi, inataja makala uliyochapisha, kisha inakupongeza kwa kuteuliwa kuingia katika orodha ya wataalamu mashuhuri duniani. Hulipi kitu, wanasema. Jaza fomu tu, na ujaze upesi kwa sababu nafasi ni chache.

Kitengo chetu cha TEHAMA huulizwa na walimu: hii ni kweli au utapeli? Jibu ni kwamba hii ni biashara ya kuuza sifa, na mteja ni yuleyule anayesifiwa. Hakuna kamati iliyokaa kukujadili. Majina na anwani huokotwa kwenye tovuti za vyuo na kwenye makala za majarida, ambako anwani ya mwandishi huwekwa wazi, na programu ya kompyuta ndiyo inayopachika jina lako kwenye pongezi.

Wanaofanya hivi wanajificha nyuma ya desturi halali. Kitabu cha Uingereza kiitwacho Who's Who kilianza mwaka 1849, na tangu 1897 kinatoa wasifu wa watu mashuhuri. Anayeingizwa humo halipi wala halazimiki kununua nakala. Albert Nelson Marquis naye alitoa Who's Who in America huko Chicago mwaka 1899. Majina hayo yakapata waigaji chungu nzima wasio na undugu wowote na kitabu cha London, kwa hiyo kuyaona kwenye kichwa cha barua si ushahidi wa chochote.

Ukishajaza fomu, simu italia. Mpigaji ni mpole: anauliza ulisoma wapi, umefanya kazi wapi, nini siri ya mafanikio yako. Mtu aliyefundisha miaka mingi bila kuambiwa ahsante huyafurahia mazungumzo hayo, na simlaumu. Bei hutajwa mwishoni, wakati umeshaona aibu kukataa: uanachama wa kudumu, kibao cha kutundika ukutani, kitabu chenye jalada la ngozi. Ni mamia ya dola, na namba ya kadi inatakiwa papo hapo.

Kinachofanya malalamiko yawe magumu ni kwamba mara nyingi mzigo unafika kweli. Kibao kinakuja, kitabu kinakuja, ila wanaokisoma ni wale waliokinunua. Na ukiiandika heshima hiyo kwenye wasifu wako wa kuombea kazi, mjumbe wa jopo anayeijua biashara hii atakutilia shaka hata kwenye yale uliyoyatolea jasho.

Fomu zinazotumwa kwa taasisi na wafanyabiashara zina hatari kubwa zaidi. Unaombwa kuhakiki anwani ya ofisi katika orodha ya kampuni za kimataifa, "bure". Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kumbe kusaini ni kuagiza tangazo: zimeonekana fomu zinazodai euro 995 kwa mwaka kwa miaka 3, yaani euro 2,985. Baada ya hapo huja barua za vitisho. Wenye alama za biashara nao hutumiwa ankara za kuingizwa kwenye rejista zisizo na nguvu yoyote kisheria. WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu lililoko Geneva, limetoa tahadhari juu yake. Kwa Tanzania, msajili wa alama za biashara upande wa Bara ni BRELA, na ada yake hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, si kwa akaunti ya benki iliyoandikwa kwenye barua pepe.

Kwa hiyo usijibu, hata kwa kukataa, maana jibu lolote linawathibitishia kwamba anwani inatumika. Karani anayepokea barua za ofisi asisaini fomu ya "kuhakiki taarifa" kabla mhasibu hajaisoma mpaka mstari wa mwisho.

Kama umeshalipa kwa kadi, piga simu benki leo, omba kadi ifungwe na uwasilishe pingamizi la malipo kwa maandishi. Kama umesaini ila hujalipa, usilipe kwa woga: andika kwamba unaupinga mkataba huo, tunza fomu, bahasha na kila barua, kisha umwone mwanasheria wa taasisi kabla ya kujibu barua ya pili.