Umekimbia, sasa ule zaidi? Dhana potofu kuhusu kalori za mazoezi

Jumapili asubuhi Kampala, vikundi vya mbio vikishamaliza, wengi huelekea moja kwa moja kwenye kibanda cha rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai. Mtu anatazama saa yake ya mazoezi, anasoma kalori 600, anaagiza. Wengi wao wanataka kupunguza uzito, na miezi inapita mzani ukiwa palepale. Inaniuma kuona hivyo, maana bidii wanayo. Kinachowaangusha ni hesabu.

Dhana: Kalori zinazoonyeshwa na saa nimezitolea jasho, naweza kuzila zote.

Saa hizi hupima mapigo ya moyo vizuri kiasi, lakini kalori huzikisia tu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu vifaa saba vya kuvaa mkononi. Kilichokaribia ukweli kuliko vyote kilikosea kalori kwa wastani wa asilimia 27. Cha mwisho, asilimia 93.

Hesabu ya kichwani ina nafuu: kukimbia hutumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya mwili, kwa kila kilomita. Mwenye kilo 70 akikimbia kilomita 5 ametumia kama 350. Akitembea umbali huohuo, karibu theluthi mbili ya hizo. Tena kwenye zile 350, kama 35 angezitumia hata angekaa kitini nusu saa hiyo, na zilishahesabiwa kwenye mahitaji yake ya siku.

Sasa njoo kwenye kikaangio. Chapati moja ya kawaida hukaribia kalori 300, mayai mawili 150, kijiko kikubwa cha mafuta 120. Hapo ni 570, na wapo wanaoomba chapati mbili. Soda ya nusu lita inaongeza kama 200. Rolex ni chakula kizuri, mayai yana protini na bei haiumizi, wala simkatazi mtu. Ila ihesabiwe kuwa ndiyo kifungua kinywa chenyewe. Ukiila kama zawadi ya mbio, kisha ukarudi nyumbani kwenye katogo, matoke yaliyopikwa na mchuzi, mbio zote zimeliwa na ziada juu.

Dhana: Programu ya simu imenipa kiwango cha kalori cha siku, nikifanya mazoezi naongeza juu yake.

Hapa ndipo wengi huhesabu mara mbili bila kujua. Ulipojisajili uliulizwa unafanya mazoezi mara ngapi kwa wiki. Tuseme mwili wako ukipumzika hutumia kalori 1,500 kwa siku. Mtu wa kukaa ofisini huzidishiwa kwa 1.2, anapata 1,800. Anayejibu kwamba hufanya mazoezi siku 3 hadi 5 huzidishiwa kwa 1.55, anapata 2,325. Tofauti hiyo ya 525 ndiyo mazoezi yako yenyewe, yameshalipwa. Ukiongeza tena za saa, unakula mbio moja mara mbili. Chagua njia moja. Mimi huwashauri watu wajaze kwamba hawafanyi mazoezi, hasa wanaoshinda mezani na kwenye foleni ya magari ya Jinja Road, kisha waongeze kidogo siku za mazoezi makali.

Dhana: Nikizidisha mazoezi, mwili utachoma bila kikomo.

Mwaka 2012 mwanaanthropolojia wa Marekani, Herman Pontzer, na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadza, wawindaji wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania. Hutembea sana kila siku, lakini ukizingatia ukubwa wa miili yao, nguvu wanayotumia kwa siku inalingana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Wataalamu bado wanabishana kwa nini. Pontzer anaona mwili hubana matumizi kwingine.

Dhana: Basi anayetaka kupungua asiongeze chakula kamwe.

Hili nalo ni hatari. Anayejiandaa kwa marathoni ya Kampala ya Novemba akibana chakula wiki baada ya wiki, ataanza kuchoka, kuumia mara kwa mara, na mwanamke anaweza kukosa hedhi. Mwenye kisukari anayetumia insulini anaweza kushukiwa sukari akiwa njiani, kwa hiyo apange na daktari wake kabla. Mama anayenyonyesha asijibane ovyo.

Kwa mazoezi ya nusu saa hadi dakika 45, usiongeze kitu. Yakizidi saa moja na yakiwa makali, rudisha karibu nusu ya kalori ulizokadiria, kwa chakula halisi: ndizi, maharage na posho (ugali) kidogo, yai. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwa wiki nne, maana maji mwilini huupandisha na kuushusha uzito kila siku. Usiposhuka kabisa, punguza ulichoongeza. Ukishuka zaidi ya kilo moja kwa wiki, ongeza sahani.