Robini hajarudi, alikuwepo tu: tunayoambiana kuhusu ndege wa machipuko

Kila ikifika mwisho wa mwezi wa pili huku Ohio, Marekani, utasikia watu wanaambiana robini wamerudi, basi winta imekwisha. Robini ni yule mwenye kifua rangi ya tofali anayekimbiakimbia uani akivuta minyoo. Sasa wengi wao hawakwenda popote. Wapo wanaoshuka kusini kweli, ila wengine winta nzima wanajificha msituni kwa makundi wanakula vitunda vya porini, maana ardhi ikiganda mnyoo utautoa wapi, halafu udongo ukilainika tu wanarudi uani kwako na madume yanaanza kuimba alfajiri, wewe unasema wageni wamefika kumbe ni majirani.

Chiriku ndo kabisa. Mwezi wa nne mtu anaona kidume cha njano tupu kwenye alizeti alizoweka nje anashangaa huyu katokea wapi, wakati amekuwa akimlisha tangu Desemba, ila alikuwa kavaa kahawia. Chiriku wa Marekani anabadilisha manyoya mara mbili kwa mwaka, na hii ya kutoka winta ndo inampa dume nguo ya kuoa. Kwenzi wale wa Ulaya wanaojaa kwenye maegesho ya magari wanapendeza pia ila kwa njia nyingine, hawabadilishi kitu wakati huu, zile ncha nyeupe za manyoya zinasagika zenyewe mpaka anabaki mweusi wa kung'aa na mdomo unageuka njano. Na si wenyeji hao, kuna waliofunguliwa Central Park, New York, kama 60 hivi mwaka 1890, angalia walipofika leo.

Kuna hii nyingine, kwamba ukiwawekea ndege chakula watazoea wasiondoke, au wasirudi kwa wakati. Hapana. Kinachowaamsha hasa ni urefu wa mchana. Miaka ya 1920 profesa mmoja, William Rowan, huko Edmonton Kanada, aliwaweka junko, ndege wadogo wanaohama, kwenye vizimba vya nje kwenye baridi ya kuua mtu, akawa anawawashia taa ya umeme na kuongeza dakika kidogo kidogo kila siku, na katikati ya winta viungo vyao vya uzazi vikaanza kukua kama vile machipuko yamefika. Baridi ile ile, mwanga tu ndo umebadilika. Kwa hiyo weka mbegu zako kwa amani, ila mkate acha, unajaza tumbo bila lishe ya maana.

Halafu kadinali, yule mwekundu mwenye kishungi. Mwezi wa tatu anaanza kugonga dirisha la jikoni asubuhi mpaka jioni, na hapa kila mtu ana tafsiri yake. Wamarekani wengi watakwambia ni marehemu wako kaja kukusalimia, nyumbani kwetu bibi angeshasema huo mkosi, mwite mtu asome dua. Mimi dua sipingi, ila ndege anachokiona pale ni kadinali mwingine kaingia kwenye eneo lake, yaani kivuli chake mwenyewe kwenye kioo, na homoni za kutafuta mke zimempanda hawezi kuvumilia. Majike nayo hufanya hivyo hivyo. Funika kioo kwa nje kwa wiki kadhaa, kwa nje jamani, pazia la ndani linaweza hata kukifanya kioo kiakisi zaidi.

Barabarani nako. Mwewe mkia mwekundu anayekaa juu ya nguzo kando ya haiwei watu wanadhani anangoja mizoga ya waliogongwa, mzoga hataukataa akiukuta lakini hasa anavizia panya hai kwenye nyasi za pembeni. Tumbusi ndo wa mizoga, na wao wana sikukuu yao kabisa. Mji wa Hinckley hapa hapa Ohio unasherehekea kurudi kwao tangu 1957, na watu wanaapa kwamba wanarudi tarehe 15 Machi, kila mwaka, bila kukosa. Ni sherehe nzuri ila tumbusi hana kalenda, wengine wanawahi, wengine wanachelewa. Wala wakizunguka juu yako haina maana kuna mtu anakufa, wanapanda hewa ya moto ili wasichoke kupiga mabawa. Kitu kimoja ni kweli: tumbusi wa kwetu Afrika anatafuta mzoga kwa macho, huyu wa huku ananusa, harufu inampata hata mzoga ukiwa umefunikwa na miti.

La mwisho ni la kwetu wenyewe. Mwezi wa nne mbayuwayu wakianza kupita chini ya madaraja tunafurahi tunasema hao wametoka nyumbani Afrika. Aina ni ile ile moja, kweli, lakini wa Ohio winta huwa Amerika ya Kati na ya Kusini. Wanaokuja Afrika ni wa Ulaya na Asia: kuna mmoja alivishwa pete mguuni Staffordshire, Uingereza, Mei 1911 akaja kukamatwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Kwa hiyo ukitaka habari za Lubumbashi usimuulize wa Ohio, muulize wa shemeji yako aliyeko Ubelgiji.