Fulana, mawigi na peni moja: hesabu za Brian Epstein

Nimesimamia bendi kwa miaka 14, na kila kijana anayeniuliza kazi hii inafanywaje, namsimulia kwanza habari za Brian Epstein, meneja wa Beatles. Nampenda sana mtu huyu, ndiyo maana makosa yake yananiuma.

Epstein aliendesha duka la santuri la familia yake, NEMS, mjini Liverpool. Mchana wa tarehe 9 Novemba 1961 alishuka ngazi za klabu ya Cavern, shimo la joto na jasho hatua chache kutoka dukani, akawakuta vijana wanne wenye makoti ya ngozi wakipiga muziki huku wanavuta sigara na kula jukwaani. Hakuwahi kusimamia msanii hata mmoja. Alichojua ni kaunta: wateja wanaulizia nini, wanarudi kununua nini. Januari 1962 wanamuziki walitia saini mkataba, yeye hakutia yake. Alitaka wakimwona hawafai, waweze kuondoka. Mameneja wangapi wangethubutu?

Kampuni ya santuri ya Decca ikawakataa. Akazunguka London na kanda mkononi mpaka akamfikia George Martin wa Parlophone, lebo ya kampuni ya santuri ya EMI. Huku nyuma akawavisha suti, akakomesha kula jukwaani, akawazoesha kuinamia watazamaji wote kwa pamoja.

EMI ikawapa peni moja kwa kila santuri ya nyimbo mbili. Paundi ya wakati ule ilikuwa peni 240, kwa hiyo ziuzwe santuri 240 ndipo wapate paundi moja, tena wagawane wanne na meneja wao. Simlaumu. Bendi isiyo na jina inapokea inachopewa. Hata kwa Ed Sullivan, mwenye kipindi cha televisheni Marekani, alikubali dola 10,000 kwa maonyesho matatu ya Februari 1964, pesa ndogo, ila akashikilia vijana wake watangazwe juu ya wasanii wengine wote. Usiku wa kwanza Wamarekani milioni 73 walitazama. Hapo aliona mbali.

Kwenye bidhaa ndipo alipoteleza. Haki ya kuuza vitu vyenye jina la bendi ilikwenda kwa kampuni iliyoitwa Seltaeb, yaani Beatles ukilisoma kinyume. Seltaeb asilimia 90, bendi 10. Marekani ikajaa mawigi, fulana na midoli, na walipokuja kupandisha fungu la bendi, pesa nyingi ilikuwa imeshapita, kesi nazo zikaanza. Bei ya santuri Epstein aliijua kwa sababu aliziuza. Wigi lenye jina la bendi hakuwahi kuliuza, wala hakuwapo wa kumuuliza.

Mimi yalinikuta kwa kiasi changu. Mchuuzi mmoja alinipa shilingi 50,000 aweke meza ya fulana zenye jina letu mlangoni. Nikaona nimeokota. Saa nane usiku nahesabu viingilio juu ya spika, akaja kuniaga. Magunia yake matatu yalikuwa matupu, ameyakunja kwapani.

Epstein alifariki London tarehe 27 Agosti 1967, ana miaka 32, kwa kuzidisha dawa za usingizi bila kukusudia. Katika mkataba ninaoutumia sasa, kipengele cha fulana, kofia na picha kipo ukurasa wa kwanza, juu ya asilimia yangu.